Mkono Uliotulia

Mkono wa mume wangu ulianza kutetemeka mwaka wa tisini na tatu, na kanisa likafurahi.

Sisemi hivyo kwa kejeli, ingawa kejeli ninazo na mtaa wetu wote wa Kaloleni hapa Nairobi unazijua. Walifurahi kweli. Kanisa letu la Nuru ya Roho ni banda la mabati pale Shauri Moyo, na waumini wake karibu wote ni watu wa magharibi mwa Kenya kama sisi, wanaume wa viwandani na vibarua, wanawake wa sokoni. Tunavaa kanzu nyeupe zenye msalaba mwekundu kifuani, Jumapili tunaandamana kwa ngoma na bendera, na kwetu mtu akitetemeka katika maombi haulizwi anaumwa nini. Ameshukiwa na Roho. Kuna wanaotetemeka wakaanguka, kuna wanaonena kwa lugha, halafu maombi yakiisha wanajipangusa vumbi na kwenda kunywa chai. Patrobas wangu hakuacha. Watu walikaa, wimbo ukaisha, na mkono wake wa kulia ukaendelea kucheza juu ya goti, kidole gumba kikisugua kile cha shahada kama mtu anayefinyanga tonge la ugali.

Mzee Nalianya, mwangalizi wetu, aliutazama mkono ule mpaka nikaona haya kwa niaba yake. Kisha akasimama. Akasema wengine Roho huwatembelea kama mgeni, lakini kwa ndugu Patrobas amehamia na virago vyake. Akina mama wakapiga vigelegele.

Tangu siku hiyo wakamwita Baba Mkono. Walimtoa kwenye ngoma, yeye aliyekuwa mpiga ngoma wao tangu kanisa likikutania chini ya turubai, wakamkalisha benchi la mbele na mshipi mwekundu kiunoni. Watoto wenye homa waliletwa awaguse. Wanawake wasioshika mimba waliletwa pia. Nilimwuliza kama kuikosa ngoma hakumuumi, akasema Mungu akikunyang'anya fimbo hukupa kiti. Patrobas ni mtu wa kuona heri hata pasipo na heri. Ndivyo alivyoumbwa, na ndivyo anavyoniudhi.

Nyumbani aliufanyia mkono mzaha. Nikimpa chai alisema, "Usikoroge, Mama Luseno. Hii inajikoroga." Akashika kikombe, sukari ikayeyuka yenyewe, nasi tukacheka. Mwaka wa kwanza tulicheka sana.

Mwaka wa pili kicheko kilikuwa kazi. Patrobas ni seremala wa vitanda katika soko la Gikomba, na mwanzoni akishika randa mkono ulitulia, ukaanza tena akiiweka chini. Lakini sasa hata kazi ilimkataa. Kila kitu kilipungua: hatua zikawa fupi, sauti ikawa ndogo, uso ukakauka asiweze kucheka wala kununa. Msumari mmoja ulimchukua muda wa misumari mitano. Vijana waliofanya naye kazi walimtania, "Buda, hiyo msumari unaipiga ama unaibembeleza?" Naye akawajibu kwamba msumari ukibembelezwa hauchomoki. Wakamhurumia, wakawa wanammalizia kazi bila kusema. Vifungo vya shati nilimfunga mimi. Kitandani nilimgeuza mimi, kama chapati. Akifika mlangoni, miguu ilikuwa inaganda kwenye kizingiti kana kwamba imemwagiwa saruji, na majirani waliompita walisema Baba Mkono yuko kwenye maono.

"Polepole ndio mwendo," alikuwa akiniambia.

"Huu si mwendo, Baba Luseno. Huu ni kusimama."

Aliyetuamsha ni Waridi. Mimi na Waridi tulikuwa tukiuza nguo za watoto za mitumba Gikomba, meza yangu na yake zikigusana, tukifungua belo moja la nguo na kugawana. Yeye ni mtu wa Majengo, Mwislamu, mumewe Zubeiri ana duka la vyakula kule. Siku moja Patrobas aliniletea chakula cha mchana akakwama kwenye mtaro ulio mbele ya meza zetu, mtaro ambao hata kuku anauruka. Mikokoteni ikamlundikia nyuma, wenyewe wanatukana. Kabla sijafika, Waridi alikuwa ameshatoka, akaweka mguu wake mbele ya mguu wa Patrobas na kumwambia, "Ruka mguu wangu, mzee." Akauruka! Akatembea mpaka mezani kama mtu mwenye afya.

"Wewe umejuaje?" nikamwuliza.

"Baba yangu alikuwa nao," akasema. "Sisi tulisema jini. Tulimsomea, tukamfukizia ubani, tukamchinjia. Hospitali tulimpeleka hata kumeza hawezi. Mama Luseno, mpeleke mumeo. Mficha maradhi kifo humuumbua."

Nilimpeleka. Daktari alimwambia anyooshe mikono, agongegonge vidole, atembee hadi ukutani na kurudi. Akatuambia kuna sehemu ya ubongo inayoamuru mwili usogee, na ya Patrobas inazeeka kabla ya mwenyewe. Akautaja ugonjwa kwa jina la mzungu fulani, nikalisahau kabla hatujafika langoni. Hauambukizi, haujatokana na dhambi wala uchawi, na hauponi. Utaendelea. Lakini kuna vidonge vinavyouzuia kwa miaka kadhaa, ilimradi asiruke hata kimoja.

Patrobas alisikia neno miaka tu. Njia nzima alikuwa akiniambia tumepewa miaka.

Kurudi kliniki ndiko kulikuwa na shida, maana siku yake iliangukia siku ya kufungua belo, na belo likifunguliwa mwenyewe hayupo, nguo nzuri zote zinaondoka na wengine. Waridi akasema, "Wewe kaa na mali. Foleni za huko nazijua tangu siku za baba. Mzee nitampeleka mimi." Basi wakawa wanakwenda wakikata Pumwani kwa miguu, yeye amevaa buibui lake, mume wangu nyuma yake kidogo, na kwenye kila mtaro anatanguliza mguu. Watu wote wenye macho waliwaona. Sikuwa na wasiwasi nao hata chembe, na mpaka leo sina.

Na vidonge vilifanya kazi. Nisiwe mchoyo wa neno, vilifanya kazi ajabu. Asubuhi moja nilitoka bafuni nikamkuta amefunga vifungo vya shati vyote, hata cha shingoni, amekaa ananisubiri nimwone. Mkono ulikuwa umelala juu ya goti kimya. Akavuta beseni langu la kufulia, akaligeuza juu chini, na kuanza kulipiga, mdundo ule wa maandamano, mpaka jirani akagonga ukuta. Nililia na kucheka kwa pamoja.

"Ninataka vitu viwili tu, Beldina," akaniambia. Jina langu hulitaja akiwa na jambo kubwa. "Vidonge vyangu na ngoma yangu. Wakinirudishia ngoma, huo mkono na mshipi wao nawaachia."

Jumapili tulikwenda kanisani. Millicent, binti mmoja wa kwaya, alileta mtoto wake anayewaka homa, akampigisha magoti mbele ya benchi. Patrobas akaweka mkono juu ya kichwa cha mtoto. Mkono ukatulia pale kama mkono wa mtu yeyote. Kanisa likangoja. Ngoma ikanyamaza, maana yule kijana aliyerithi ngoma naye alikuwa anatazama.

"Ndugu Patrobas," Mzee Nalianya akasema, "Roho yuko wapi?"

Mume wangu hajui kusema uongo wa haraka. Akawaeleza. Alikwenda hospitali, akaambiwa ulikuwa ugonjwa, akapewa dawa, sasa ni nafuu, Mungu asifiwe, anaomba arudishiwe ngoma. Aliyasema kwa furaha ambayo uso wake haukuweza kuionyesha.

Hakuna aliyemsifu Mungu. Millicent alimvuta mwanawe kana kwamba amemgusisha kwenye moto, maana aliamini mtoto wake wa kwanza aliponywa na mkono huo huo. Mzee Nalianya akauliza taratibu, "Unataka kutuambia miaka hii yote tumekuwa tukipigia magoti ugonjwa?" Sikumchukia kwa swali hilo. Ningekuwa yeye ningeliuliza. Nilimchukia kwa lililofuata. Alisema Roho hafukuzwi na hospitali. Roho hufukuzwa na dhambi. Kwa hiyo ama vidonge hivyo ndiyo dhambi, avitupe na mkono urudi, ama kuna dhambi nyingine aliyoificha, aje aiungame. Bila moja ya hayo mawili, asivuke lango.

Tukatoka. Jumapili zilizofuata alivaa kanzu yake akakaa kitandani, akisikiliza maandamano yakipita barabara ya nyuma. Miguu yake ilifuata mdundo pale sakafuni. Ngoma ikipotea na miguu inasimama. Hakutania chai. Hakusema polepole ndio mwendo. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu ugonjwa nilikuwa nimeshauzoea, lakini Patrobas asiye na la kujifariji sikuwa nimewahi kumwona, na nyumba yetu ilikuwa ikisimama juu ya hilo tu. Nilimwambia makanisa yamejaa Nairobi, tuhame. Akasema yeye hajui kumwomba Mungu kwa gitaa.

Mara moja aliacha kumeza vidonge ili arudi. Sikujua mpaka nilipomkuta amelala chali, amekauka kama ubao wake wa kazi, mate yanatiririka, na uji niliompa umekaa mdomoni usiende chini. Nilimtukana kama sijawahi kumtukana mtu. Nilimwambia akitaka kufa asinipe kazi ya kumwangalia. Nikamsagia kidonge, nikampa kwa kijiko, na mchana akaweza kukaa. Akalia, akaapa hataruka tena, na ameshika kiapo hicho.

Sasa lazima nieleze desturi yetu ya lango, maana bila hiyo hakuna atakayeelewa. Kwetu mtu haingii kanisani hivi hivi. Unapiga magoti langoni na kuungama kwa sauti mbele ya wazee na yeyote aliye nyuma yako. Mimi kila Jumapili ninaungama kutukana majirani, wamezoea. Dhambi kubwa zina utaratibu wake: mwenye dhambi anakaa benchi la nje, kwenye jua, mpaka Pasaka. Aliyekosewa akimsamehe mbele ya watu, Pasaka ikifika anaoshwa na kurudishiwa kazi yake, na hakuna ruhusa ya kumkumbusha tena. Opicho, kwa mfano, alikutwa amelewa chang'aa, amelala mtaroni na kanzu ya ibada. Alikaa nje, akasamehewa, na leo ndiye anayebeba bendera.

Patrobas ndiye aliyenikumbusha habari za Opicho, tukiwa tunakula. "Umemwona? Amelala mtaroni na msalaba kifuani, na leo bendera iko mkononi mwake. Dhambi ina Pasaka yake, Beldina. Ugonjwa ndio hauna."

Nikacheka, nikadhani ni utani wake umerudi. Na kweli ulirudi. Wiki hiyo alitania chai, akawatania vijana wa Gikomba, akaunda kiti kizima peke yake bila msaada. Nilikuwa nimeukosa moyo wake huo kiasi kwamba sikuuliza umetoka wapi.

Jumapili akasema twende. Langoni alipiga magoti mwenyewe, vizuri, bila kushikwa. Nilikuwa nyuma yake. Nilidhani anakwenda kuwabembeleza tena kuhusu daktari.

"Nimeanguka na mwanamke," akasema. "Mwanamke wa Majengo."

Nilihisi vichwa vikigeuka kabla sijaviona. Walinitazama mimi, halafu wakatazamana wao kwa wao, na mmoja wa akina mama akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Lisemwalo lipo." Kumbe walishasema. Kumbe zile safari za kliniki walishazipa jina zamani, walikuwa wanangoja tu mwenye kulithibitisha. Na mimi ninayemgeuza kitandani nilijua ni uongo mtupu kama ninavyojua jina langu.

Mzee Nalianya hakuridhika. "Anaungama kama mtu anayesoma tangazo," akasema. "Tazameni uso. Hauna hata aibu. Majuto yako wapi?"

Uso! Uso ule haujaonyesha kitu kwa miaka miwili, wala furaha wala maumivu. Kilichokuwa hai pale ni macho tu, na macho yalikuwa kwangu. Mwangalizi naye akanigeukia. "Mama Luseno, umemsikia mumeo. Wewe ndiye uliyekosewa. Unamsamehe, au abaki huko huko?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ningesema anadanganya, hana dhambi, ana ugonjwa, na wao wangerudi pale pale: basi atupe vidonge. Nikamwona tena amelala chali na uji mdomoni. Nikamwona pia amekaa kitandani na kanzu, miguu ikifuata ngoma isiyo yake. Hasira ilinipanda, hasira juu yake, juu ya mwangalizi, juu ya ubongo wa binadamu unaokubali kuzeeka kipande kipande. Nikaanza kulia. Kanisa lote likaona mke aliyevunjika moyo, na pengine ndivyo nilivyokuwa. Machozi aliyotakiwa kuyalia yeye niliyalia mimi.

"Namsamehe," nikasema.

Wakaimba. Patrobas akapelekwa benchi la nje, kwenye jua, akakaa kwa adabu na vidonge vyake mfukoni.

Njiani kurudi alikuwa na furaha ya mtoto aliyeshonewa nguo. "Mpaka Pasaka tu. Wenyewe wameshaniambia, ngoma ni yangu. Na hakuna atakayeuliza ninameza nini."

"Majengo kwa nini?" nikamwuliza. "Wanawake wamekwisha Nairobi nzima?"

"Ilibidi waamini. Walishatuona njiani. Lakini jina sikutaja, Beldina. Nilichunga sana nisitaje jina."

"Hukutaja jina! Kwani kanisa lile linamjua mwanamke gani mwingine wa Majengo?"

Akasimama. Hakukuwa na mtaro wala kizingiti mahali pale, alisimama tu. Nilimwona akilifikiria jambo hilo kwa mara ya kwanza, na uso wake haukunionyesha lolote. Mwishowe akasema, "Waridi ataelewa. Ni mtu mwema." Nikamwacha hapo barabarani, nikatangulia nyumbani, na alifika baada ya muda mrefu.

Jumatatu meza ya Waridi ilikuwa tupu. Alikuja jua likiwa limeshapanda, bila mzigo wa nguo, ameshika begi dogo. Macho yamevimba. Hakukaa.

"Ni kweli alisema?" akaniuliza.

"Alisema. Hakukutaja jina."

"Hakuwa na haja. Jana jioni watu walikuwa wanakuja dukani kununua sukari na kumpa Zubeiri pole." Akaliweka begi chini. "Hakunipiga. Nilimwapia kwa Mwenyezi Mungu, nikamwambia nilikuwa nampeleka mzee wa watu hospitali, na karibu aniamini, Mama Luseno, nilimwona. Kisha akaniuliza swali moja tu. Kama ni uongo, mke wake amemsamehe nini mbele ya kanisa zima?"

Nikawa nakunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

"Amenirudisha kwa mama yangu," akasema. "Watoto wamebaki naye. Lakini talaka bado hajaitamka. Twende ukamwambie wewe. Neno lako atalikubali. Ni hapo tu Majengo, hatutachelewa, meza ataiangalia mtu."

Nilijua hatutachelewa. Nilijua pia kwamba nikimwambia Zubeiri asubuhi, jioni Mzee Nalianya atakuwa nalo, kama vile la langoni lilivyofika dukani kabla chai haijapoa. Na uongo uliovuliwa nguo hauna Pasaka. Patrobas atarudi kitandani na kanzu yake, na safari hii hatakuwa na la kujifariji.

Nikamshika mkono. Mkono wake ndio uliokuwa ukitetemeka.

"Waridi," nikasema, "nivumilie kidogo. Ngoja Pasaka ipite, nitakwenda mwenyewe nimweleze kila kitu."

Alinitazama, si kwa hasira, kama anayehakikisha amesikia vizuri.

"Pasaka ni yenu," akasema. Akautoa mkono wake, akachukua begi, akaondoka.